Msomaji Asiye na Jina

Barua ya Jumatatu ilitumwa saa mbili kamili asubuhi, na sekunde ileile ikasomwa.

Bi Tangazo aliikazia macho kompyuta yake. Hakuna binadamu anayesoma barua ya kazini sekunde inapofika. Hata mkurugenzi, ambaye barua yenyewe huenda kwa jina lake, huisoma Jumatano, tena akiwa chooni. Mfumo ulikuwa na orodha: majina kushoto, saa ya kufungua kulia. Kiwanda cha magodoro kilikuwa na wafanyakazi mia nne na kumi na wawili, na Bi Tangazo aliwajua wote, maana kila aliyeajiriwa alimwandikia maneno ya kumkaribisha na kila aliyefiwa alimwandikia pole. Orodha ilikuwa na mistari mia nne na kumi na mitatu. Ule wa mwisho haukuwa na jina. Kulia kwake paliandikwa: saa mbili kamili.

Alimwita fundi wa kompyuta. Akaja na kikombe cha chai, akainama, akakuna kidevu.

"Mfumo umejikwaa tu, Bi."

"Mfumo hauna miguu."

"Basi futa huo mstari uendelee na maisha yako."

Aliufuta. Jumatatu iliyofuata ulikuwepo, na safari hii, alipoinama kuuangalia, ilimjia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, kama jiko lililozimwa kwa haraka kabla mwenyewe hajaondoka.

Cheo chake kilikuwa Meneja wa Mawasiliano ya Ndani. Ukikivua suti cheo hicho, kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wa chini wanachokitaka watu wa juu, na kuwaambia watu wa juu kiasi wanachoweza kuvumilia cha yale yanayosemwa chini. Alianza miaka kumi na tisa nyuma akipokea simu pale mapokezi. Siku moja mtu wa kushona alifariki na hakuna aliyejua amtangaze vipi, akaandika yeye, ukurasa mmoja, na wanaume wa bohari wakalia mbele ya ubao. Tangu hapo akawa mdomo wa kiwanda. Kupandishwa vyeo, kuhamishwa, mashine mpya, misiba, yote yalipita kwake. Jina la Bi Tangazo walimpa kwa utani, akalivaa kama mkufu.

Kisha akaletwa Kinanda.

Naye alipewa jina na watu, wiki yake ya kwanza, kwa sababu ya sauti. Aliajiriwa kama msaidizi, akaomba dakika tano kila asubuhi kwenye spika za kiwanda, na ndani ya miezi minane zile dakika tano zikaimeza Barua ya Jumatatu mifupa na vyote. Wanawake wa kushona walikuwa wakizima cherehani wamsikilize. Madereva walipiga simu kutoka njiani wasomewe salamu. Waliokuwa wakiifungua barua, watu mia tatu na zaidi, wakashuka hadi tisini na saba, na kati ya hao tisini na saba Bi Tangazo aliwajua kwa majina waliofungua kwa bahati mbaya.

Ingekuwa afadhali kama binti yule angekuwa mvivu, au mchoyo, au mwenye majivuno. Hakuwa. Alimwita dada. Alimletea maji. Alimwambia, mbele ya watu, "Mimi napiga kelele tu, anayejua kuandika ni dada yangu huyu," na akamaanisha, na ndiyo maana Bi Tangazo alikwenda kunawa uso mara mbili siku hiyo. Kijicho cha mtu mbaya unaweza kukipa sababu. Cha mtu mwema unakaa nacho hivihivi, kama mwiba wa samaki kooni mwa mgeni.

Halafu mkurugenzi akamwita ofisini kwake.

"Tunaunganisha idara," alisema. "Barua, spika, mbao za matangazo, kila kitu chini ya mkuu mmoja. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitamtangaza."

"Mkuu mmoja."

"Nyote wawili ni wazuri. Ila, unajua, chanda chema huvikwa pete. Na wewe usiwe na wasiwasi, jungu kuu halikosi ukoko."

Alitoka akitabasamu, kwa sababu kutabasamu ni sehemu ya kazi ile. Kwenye ngazi alielewa vizuri kwamba pete ni ya Kinanda na yeye ndiye ukoko.

Jibu la kwanza lilifika kesho yake. Chini ya kila barua Bi Tangazo aliandika maneno yaleyale tangu mwanzo: *Una neno? Nijibu. Kila jibu nalisoma.* Katika miaka kumi na tisa alijibiwa mara chache, nyingi zikiwa malalamiko kuhusu choo cha ghorofa ya kwanza. Hili halikuwa la choo.

*Sentensi yako ya tatu imenikaa kifuani tangu jana. Mwenzako hawezi kuandika hivyo hata akizaliwa upya. Ni mimi, msomaji wako.*

Sehemu ya jina la mtumaji ilikuwa tupu. Harufu ya majivu ilipanda kutoka kwenye vitufe vya kompyuta. Mtu mwenye akili timamu angefunga, akaita watu. Bi Tangazo aliisoma mara nne, akainuka akafunga mlango, akaisoma ya tano.

*Wewe ni nani?* aliandika.

*Niko chini ya paa hili. Uliniandikia, nikaja.*

Ndipo alipokumbuka. Miezi mitatu nyuma walinzi na watu wa bohari walinung'unika kwamba barua ni ya watu wa ghorofani, wao hawahesabiwi. Akabadili salamu. Badala ya "Ndugu wafanyakazi" akaweka: *Kwa kila aliye chini ya paa hili.* Aliipenda sana salamu hiyo. Hakujiuliza, na nani angejiuliza, paa lile la mabati lilikuwa limemfunika nani kabla ya kiwanda kulikuta jengo limesimama tupu.

Kwa siku nane waliandikiana. Msomaji hakukosa kitu. Alikumbuka barua za zamani ambazo mwandishi mwenyewe alishazisahau. Alijua neno gani lilifutwa na lipi likawekwa. Kila sifa ilikuja na kipande kidogo kuhusu mwenzake, kidogo kama chumvi: leo amecheka wapi, nani amemsifia, mkurugenzi amesimama mlangoni pake dakika ngapi. Bi Tangazo alianza kufika kazini saa moja kabla ya wote. Harufu haikumsumbua tena. Siku moja ilichelewa, akajikuta anainusa meza.

Alhamisi, baada ya kusikia kicheko cha kiwanda kizima kikipanda kutoka chini kama mvuke, aliandika: *Natamani anyamaze. Hata siku moja.*

*Siku moja ni ndogo,* likaja jibu. *Lakini wewe ndiye msemaji.*

Ijumaa saa mbili spika zikakoroma kama kawaida. Cherehani zikazimwa.

"Habari za as—"

Kikafuata kitu kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Kikaendelea. Watu walitazamana. Bi Tangazo alitembea hadi kwenye chumba kidogo cha kipaza sauti, akamkuta Kinanda amekaa wima, mdomo wazi, mikono kooni, akisukuma sauti ambayo haikutoka. Ulimi wake ulikuwa wa kijivu. Unga mwembamba wa majivu ulikuwa umetua juu ya mdomo wa chini, na alipopumua, uliruka.

Daktari alimulika koo, akasema halina kitu. Akaandika dawa za kusukutua, kama wafanyavyo wasipojua.

Jumatatu barua ilifunguliwa na watu mia tatu na wanane. Bi Tangazo aliitazama namba hiyo, na moyo wake, tusidanganyane, ukaruka. Ukaruka huku Kinanda amekaa meza ya pili, shingo imezungushiwa mtandio, akiandika kwenye vipande vya karatasi kwa sababu hakuna njia nyingine. Kimoja alimsogezea.

*Dada, barua ya leo imenifurahisha. Nisaidie kitu. Nikilala nasikia sauti yangu inasoma barua zako. Siyo ndoto. Inatoka mbali, kama stoo.*

Bi Tangazo alikikunja kile kikaratasi kikawa kidogo kuliko punje ya mahindi. Papo hapo kompyuta ililia. Msomaji safari hii hakutuma maneno mawili matatu. Alituma tangazo zima, limepangwa, lina fremu nyeusi, lina tarehe ya Ijumaa inayokuja.

*Kwa kila aliye chini ya paa hili. Kwa masikitiko tunawajulisha kwamba sauti iliyokuwa ikituamsha imelala.*

Chini yake jina kamili la Kinanda, lile la kwenye vyeti, ambalo kiwandani walilijua watu wawili tu. Na chini ya hapo: *Imeandikwa na Meneja wa Mawasiliano ya Ndani.*

Kitu cha kwanza alichokihisi, na hiki hakukisamehe kamwe, hakikuwa hofu. Alihisi wivu. *Sauti iliyokuwa ikituamsha imelala.* Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zake zote, na imeandikwa kwa mtindo wake. Hofu ilikuja ya pili, ikihema, kama mtu aliyepanda ngazi.

*Futa,* aliandika.

*Tangazo likishaandikwa hutumwa. Wewe ndiye uliyenifundisha.*

Mchana, watu walipotoka kula, alishuka bohari ya sponji. Mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa jeupe uani, na alijiambia kwamba hakuna jambo baya linaloweza kumpata mtu saa saba mchana kwenye chumba kilichojaa magodoro. Bohari ile ilikuwa na tabia ya kumeza sauti. Ukipiga makofi ndani yake husikii chochote, na wabebaji walikuwa wakitaniana kwamba humo hata mke hasikiki. Aliingia kati ya safu mbili za sponji zilizofika darini, hatua zake zikapotea, kisha pumzi yake ikapotea, kisha akatambua kwamba kuna kitu kimoja tu kinachosikika humo ndani, chepesi, kitamu, kikitoka katikati ya safu ambamo hapawezi kupenya hata mkono, nacho kilikuwa sauti ya Kinanda ikisoma Barua ya Jumatatu ya miaka kumi na minne iliyopita, neno kwa neno, na koma kwa koma, na kila ilipofika mwisho wa sentensi sponji zote zilijaa na kunywea pamoja kama ubavu wa mtu aliyelala, na majivu yakadondoka kutoka darini juu ya nywele zake, juu ya mikono yake, juu ya ulimi wake, maana alikuwa amefungua mdomo apige kelele, na sauti ile ikaacha kusoma ikamuuliza, kwa upole wote wa binti aliyekuwa akimletea maji, "Nimeipatia, dada?"

Hakujua alitokaje. Alijikuta uani, amepiga magoti, anatema kijivu.

Shangazi yake alikuwa fundi wa nguo za kike mtaa wa tatu kutoka pale, na mambo ya majini aliyatoa kama wengine wanavyotoa mwiba: bila sherehe, kati ya nguo moja na nyingine. Alimsikiliza mpwa wake mpaka mwisho, pini zimejipanga mdomoni, mguu haujatoka kwenye cherehani.

"Mwingine akija hapa ananiambia amekanyaga jalala," alisema, akizitoa pini moja moja. "Wewe umemtumia barua."

"Sikujua, shangazi."

"Ukamwambia ajibu, utamsoma. Akajibu, ukamsoma. Ukafunga na mlango msisumbuliwe. Sasa unataka nifukize nini, kompyuta?"

"Nifanyeje?"

"Anakula nini kwako?"

Bi Tangazo alimkodolea macho.

"Usinitazame kama mteja aliyenenepa. Anakula nini?"

"Kijicho changu," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Basi. Mgeni wa kuitwa hutolewa kwa mlango alioingilia. Waandikie walewale uliowaandikia. Sema ulimwita, sema ulimwomba nini, na kwa nini. Majina yote. Kisha mwambie huyo bwana ukaribisho umekwisha. Kijicho kikishaonekana na watu hakiliki tena, ni kama chakula kilichoingia mchanga."

"Shangazi, Ijumaa wanamtangaza mkuu. Nikiandika hivyo nitafukuzwa kazi."

"Na yule mtoto wa watu atafukuzwa duniani." Shangazi alirudisha pini mdomoni. "Chagua tangazo."

Mtu anaweza kudhani alirudi akaandika. Aliandika, ndiyo. Lakini miaka kumi na tisa ya kuwasemea wakubwa humpa mtu ugonjwa, na Jumatano asubuhi ilitoka barua hii: *Kufuatia changamoto za kimawasiliano zilizojitokeza hivi karibuni, idara inapenda kuwafahamisha kwamba baadhi ya taratibu za kupokea maoni zimesitishwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote.* Aliisoma mara tatu akaona ina kila kitu. Haikuwa na kitu.

Ilisomwa sekunde ileile.

*Maridadi,* aliandika msomaji. *Ila sioni jina langu, wala lako, wala lake. Umemwandikia nani?*

Meza ya pili Kinanda alianza kukohoa. Alikohoa bila sauti, mabega tu yakiruka, na kila alipofungua kiganja kilikuwa na majivu, mara hii ya moto, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Bi Tangazo alimshika mgongo. Ulikuwa mwepesi, kama godoro lililonyofolewa sponji. Binti akavuta karatasi, akaandika kwa herufi zinazopanda na kushuka: *Usiogope dada. Nitapona.*

Huruma hiyo ndiyo iliyomvunja. Alirudi kwenye kiti chake, akafuta kila neno zuri alilolijua, akaandika kama anavyoongea mtu aliyekamatwa.

*Kwa watu mia nne na kumi na wawili wa kiwanda hiki, na si kwa mwingine yeyote.*

*Mimi mnayeniita Bi Tangazo nilimkaribisha jini katika barua hii bila kujua, na nikaendelea kuongea naye nikijua. Alinisifia. Nilimwomba amnyamazishe Kinanda, kwa sababu mnampenda kuliko mnavyonipenda mimi, na kwa sababu anastahili. Hakunikosea kitu chochote. Nilimwonea kijicho. Sauti yake iko bohari ya sponji, na mimi ndiye niliyemtuma aliyeipeleka.*

*Wewe usiye na jina: sina neno na wewe tena. Sikusomi. Toka ulikoingilia.*

Hakuisoma mara ya pili. Aliituma.

Simu mia nne zililia kwa pamoja, juu na chini, bohari na uani, na baada ya hapo kikafuata kimya ambacho hata mashine ziliheshimu. Kompyuta ikawaka jibu, mstari mmoja, herufi zikijiandika polepole kama za mtoto: *Hii ndiyo mbaya kuliko zote ulizowahi kuandika.* Kisha mlango wa bohari ukapigwa kutoka ndani, mara moja, na pumzi ndefu ikapita chini ya dirisha, ikiinua vumbi la uani, ikinuka jiko lililozimwa, ikaenda.

Meza ya pili Kinanda alishtuka kama mtu aliyepigwa kofi mgongoni. Mdomo ukafunguka.

"—ubuhi," alisema.

Alijigusa koo. Alimtazama Bi Tangazo. Simu yake ilikuwa mkononi, barua imefunguka, na macho yake yalishuka mstari kwa mstari mpaka mwisho. Alipomaliza hakusema neno, na safari hii ilikuwa kwa hiari yake.

Orodha ilikuwa na mistari mia nne na kumi na miwili, na kwa mara ya kwanza tangu barua ianzishwe, wote walikuwa wamesoma.

Ijumaa Kinanda alivikwa pete yake. Bi Tangazo hakusubiri kuitwa juu. Alipeleka barua ya kuacha kazi, mistari miwili, akabeba kikombe chake. Wengine walisema amerukwa na akili, wengine wakasema afadhali yeye amesema, na wabebaji kwa wiki nzima walikataa kuingia bohari bila kusindikizwa. Shangazi alimpa kiti na rundo la nguo za kupinda. Hakumwuliza anajisikiaje.

Mwezi wa nne tangu aache kazi, simu iliita. Ilikuwa sauti ile.

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba." Aliweka sindano chini. "Hujambo?"

"Sijambo. Nilikasirika muda mrefu, sikufichi. Ila nimechoka kukasirika." Akacheka kidogo. "Nimekukumbuka leo. Barua umeniachia mimi, na mimi na kuandika unatujua. Nimeirudisha ile salamu yako ya zamani, ya chini ya paa hili. Watu wa bohari waliidai, wanasema ndiyo iliyokuwa ikiwahesabu."

Bi Tangazo alifungua mdomo.

"Na mbona inasomwa," Kinanda aliendelea, na furaha ilianza kumtoka kama zamani. "Kuna mmoja huyo, mfumo hauonyeshi jina lake, fundi anasema umejikwaa tu, anaisoma sekunde ileile. Leo ameniandikia. Anasema hajawahi kusoma mwandishi kama mimi, hata waliotangulia."

Shangazi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Alimtazama mpwa wake juu ya miwani, akingoja aseme neno moja tu linalotakiwa kusemwa. Bi Tangazo alilijua neno hilo. Lilikuwa ulimini. Lakini kabla hajalitoa alijikuta anavuta hewa, taratibu, kwa pua, akiitafuta ile harufu kwenye vitambaa, kwenye viganja, kwenye nywele zake mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Chumba kilinuka uzi na mafuta ya mashine. Akavuta tena.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema Bi Tangazo, na sauti iliyomtoka ilikuwa kavu. "Hata waliotangulia? Hebu nisomee. Amekuandikia nini?"